Shilingi kwa Desibeli: Gharama ya Sauti Nene na Sauti Safi Sebuleni

Mtu anayeingia dukani na shilingi 3,000,000 kutafuta seti ya muziki ya sebuleni husikia ahadi mbili. Ya kwanza ni kwamba kifaa hiki kina sauti nene: mwimbaji ana kifua, gita la besi linajaza chumba, na unaweza kusikiliza saa tatu bila masikio kuchoka. Ya pili ni kwamba kile pale kina sauti safi: nyuzi za ganuni zinahesabika moja moja, na pumzi ya mwimbaji inasikika kabla ya ubeti. Muuzaji huziweka ahadi hizo kwenye mizani, kana kwamba ukiongeza hii lazima upunguze ile, kisha hutoa kifaa cha tatu, ghali kuliko viwili vya kwanza, kinachodaiwa kuleta zote. Makala haya yanayapima madai hayo kwa kipimo kimoja: shilingi ngapi zinahitajika kuisogeza sauti kwa desibeli moja.

Maana za maneno kwanza. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti kinachokwenda kwa uwiano. Kuongeza desibeli 3 kunahitaji umeme mara 2. Kuongeza 10 kunahitaji umeme mara 10, na hizo 10 ndizo msikilizaji wa kawaida huzieleza kuwa sauti imekuwa kubwa mara mbili. Tofauti ya desibeli 1 ndiyo ndogo ambayo watu wengi huitambua. Ikigusa eneo pana la sauti, hata nusu yake huweza kusikika. Hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, na sikio la kijana husikia kuanzia 20 hadi 20,000 hivi. Oktavi ni umbali kati ya idadi moja ya hezi na maradufu yake.

Kwa hesabu za hapa, unene ni nguvu ya sauti iliyopo kati ya hezi 100 na 400, na upambanuzi ni ile iliyopo kati ya hezi 2,000 na 8,000. Mipaka hiyo nimeiweka mwenyewe, maana hakuna taasisi iliyoitungia sheria. Nimeichagua kwa kuwa kila eneo lina upana wa oktavi 2 kamili, hivyo hakuna linalopendelewa. Kati yake zipo oktavi 2.3. Umbali huo peke yake unatosha kulitilia shaka dai la mizani: maeneo mawili yaliyotengana kiasi hicho yanaweza kurekebishwa kila moja kivyake. Dai hilo lina ukweli mmoja tu. Sauti nzito ikizidi huzifunika za juu yake, kwa hiyo uvimbe wa desibeli 8 pale kwenye hezi 120 hula upambanuzi hata kama twita, yaani spika ndogo ya sauti za juu, haikuguswa. Huo ni ubovu wa kurekebishwa, na hauhusiani na ladha ya msikilizaji.

Kigezo cha kwanza hakigharimu hata senti. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara ya Bell nchini Marekani walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio halisikii besi kwa uwiano uleule sauti inapopungua. Kwa kiwango cha kimataifa cha sasa, ISO 226, sauti ya hezi 100 inahitaji takriban desibeli 64 ili ionekane sawa na ya hezi 1,000 yenye desibeli 40. Pengo ni 24. Sauti ya hezi 1,000 ikipandishwa hadi desibeli 80, pengo hushuka hadi karibu 12. Maana yake, ukipunguza sauti usiku ili majirani walale, ukingo wa chini wa eneo la unene unapoteza takriban desibeli 12 masikioni mwako, ingawa seti haijabadilika. Karibu na hezi 400 hasara ni ndogo zaidi, kwa hiyo 12 isichukuliwe kuwa wastani. Lakini itunze namba hiyo, kwa sababu hakuna kifaa chochote katika makala haya kinachoisogeza sauti kiasi hicho.

Kitufe cha besi kwenye amplifaya kilibuniwa kufidia hasara ya namna hiyo. Katika amplifaya nyingi za nyumbani huongeza au kupunguza takriban desibeli 10 kwenye hezi 100, na umeshakilipia. Baadhi ya watengenezaji wa seti za bei ya juu wamekiondoa kwa hoja kwamba kinaharibu usafi wa sauti. Mteja wao hulipa zaidi na kupata kitufe kimoja pungufu.

Sasa chumba. Tuchukue sebule ya kawaida ya nyumba ya mjini: urefu mita 5, upana 4, kimo 2.8. Ujazo wake ni mita za ujazo 56. Sakafu ni vigae, kuta ni matofali yaliyopigwa plasta, dari ni jipsamu, na kuna makochi ya watu 5. Fomula ya Wallace Sabine, mwanafizikia wa Harvard aliyeipata miaka ya 1890, inasema muda wa mwangwi, yaani sekunde ambazo sauti huchukua kushuka kwa desibeli 60, ni 0.161 mara ujazo, ugawanywe kwa eneo linalomeza sauti. Hapa juu ya mstari tunapata 9.02.

Kwenye hezi 1,000, vigae humeza asilimia 2 ya sauti inayovigonga, plasta asilimia 3, jipsamu asilimia 4, na kila kiti cha kochi ni sawa na takriban nusu mita ya mraba inayomeza yote. Jumla ni mita za mraba 5.2, na mwangwi ni sekunde 1.73. Kwenye hezi 125 hali ni nyingine. Vigae na plasta humeza kidogo zaidi ya bure, lakini dari ya jipsamu hutikisika na kumeza karibu asilimia 29. Jumla ni mita za mraba 8.0, na mwangwi ni sekunde 1.13. Sebule hii basi inazishikilia sauti za juu kwa asilimia 53 zaidi ya inavyoshikilia za chini. Mtu aliyeweka spika nzuri humo atasema ina sauti ya bati, na atakuwa amesikia vizuri. Akienda kutafuta amplifaya ya kuitibu bati hiyo, hapo ndipo atakapokuwa amekosea mlango.

Ongeza zulia zito la mita 2 kwa 3 na mapazia mazito ya mita za mraba 8. Kwenye hezi 1,000 zulia humeza asilimia 37 na pazia lililokunjamana asilimia 72. Ukitoa kile ambacho kigae na ukuta vilikuwa vinameza tayari, nyongeza ni mita za mraba 7.6. Jumla mpya ni 12.8, na mwangwi ni sekunde 0.70, pungufu kwa asilimia 60. Kwenye hezi 125 vitu hivyohivyo huongeza mita 1 tu. Mwangwi hushuka kutoka 1.13 hadi 1.00, pungufu kwa asilimia 12. Mizani imegeuka upande wa pili: sasa sauti za chini ndizo zinazobaki chumbani muda mrefu zaidi.

Mabadiliko hayo yanaweza kusomwa kwa desibeli. Nguvu ya sauti inayozunguka chumbani hupungua kwa desibeli 3.9 kwenye hezi 1,000 na kwa 0.5 kwenye hezi 125. Tofauti ni desibeli 3.4 kuelekea unene. Upambanuzi nao umepanda, kwa sababu silabi moja haidondokei tena juu ya nyingine kwa sekunde 1.73. Hapa sauti nene na sauti safi zimeongezeka pamoja, kwa kitu kilekile kimoja.

Bei. Kuanzia hapa kila bei ni dhana yangu, imewekwa iwe rahisi kuhesabu, na msomaji aibadilishe kwa bei ya duka lake. Tuseme zulia ni shilingi 180,000, na mapazia pamoja na ushonaji ni shilingi 320,000. Jumla ni 500,000. Gawanya kwa 3.4: shilingi 147,000 kwa desibeli.

Fomula ya Sabine ina udhaifu wake. Inadhani sauti imesambaa sawasawa chumba kizima, dhana inayofaa ukumbi kuliko sebule. Pia niliacha madirisha. Sabine mwenyewe alitumia dirisha lililo wazi kama kipimo cha umezaji, kwa sababu sauti ikitoka nje hairudi. Madirisha ya mita za mraba 2 yakiwa wazi huteremsha mwangwi wa sebule yetu tupu kutoka sekunde 1.73 hadi 1.25 kwenye hezi 1,000, na kutoka 1.13 hadi 0.90 kwenye hezi 125. Anayesikiliza mchana madirisha yakiwa wazi, na usiku akafunga ili awashe kiyoyozi, anasikiliza vyumba viwili tofauti.

Pembeni ya mwangwi kuna mahali spika inaposimama. Sauti nzito hutoka spika kwenda pande zote, hugonga ukuta wa nyuma na kurudi. Pale safari ya kwenda na kurudi inapokuwa nusu ya wimbi, sauti iliyorudi huifuta iliyo mbele. Hezi za shimo hilo hupatikana kwa kugawanya kasi ya sauti kwa mara 4 ya umbali kati ya uso wa spika na ukuta. Kwenye joto la nyuzi 30 kasi ni takriban mita 349 kwa sekunde. Spika iliyo mita 0.8 kutoka ukutani ina shimo kwenye hezi 109. Kwenye mita 0.5 ni hezi 175. Kwenye 1.2 ni hezi 73, nje ya eneo la unene kabisa. Ukuta ukiwa mgumu, shimo linaweza kuzidi desibeli 10. Kusogeza spika kutoka mita 0.8 hadi 1.2 ni sentimita 40 na shilingi 0.

Ukiisukuma hadi iguse ukuta, shimo hupanda kuelekea ukingo wa juu wa eneo la unene, na besi huongezeka hadi desibeli 6. Kwenye kona huongezeka zaidi. Ndiyo maana sabufa za bei nafuu huonekana zina nguvu ajabu zikiwekwa konani.

Chumba kina pia noti zake. Kati ya kuta mbili zilizo mita 4, wimbi la kwanza kusimama ni la hezi 43.6, kwa urefu wa mita 5 ni hezi 34.9, kati ya sakafu na dari ni 62.3. Noti ya fa ya chini kabisa kwenye gita la besi la nyuzi nne ni hezi 43.65. Kwa hiyo sebule ya mita 4 kwa upana, siku ya joto, itaipaza noti hiyo moja kuliko jirani zake kila mpigaji anapoigusa, na msikilizaji atadhani ni tabia ya rekodi. Kiti kilichowekwa katikati ya upana hukwepa sehemu kubwa ya uvimbe huo, kwa shilingi 0 tena.

Kwa nini nimekaa na chumba muda wote huu? Kwa sababu kuna hezi ambazo chini yake chumba huitawala sauti kuliko spika. Makadirio yake ni 2,000 mara kipeuo cha pili cha muda wa mwangwi ukigawanywa kwa ujazo. Kwa sebule tupu ni hezi 352. Kwa oktavi, hiyo ni asilimia 91 ya eneo lote la unene. Baada ya zulia na mapazia inashuka hadi hezi 224, sawa na asilimia 58. Mtu anayenunua unene kwenye boksi la umeme bila kugusa chumba ananunua asilimia iliyobaki.

Amplifaya. Zile za valvu husifiwa kwa unene, na za transista kwa usafi. Tofauti inayopimika kwa urahisi ni ukinzani wa ndani, yaani kiasi ambacho amplifaya yenyewe huuzuia umeme inaoutoa. Tuseme ya valvu ina omu 2, na ya transista omu 0.05. Spika ya kawaida huandikwa omu 8, lakini kiuhalisia huweza kupanda na kushuka kati ya 4 na 20 kufuatana na hezi. Kwenye valvu, sauti hupungua desibeli 3.5 pale spika ilipo na omu 4, na 0.8 pale ilipo na omu 20. Tofauti ni 2.7. Kwenye transista tofauti ni 0.09, ambayo haisikiki.

Kwa hiyo wanaosema valvu hubadilisha sauti hawadanganyi. Suala ni bei. Ikiwa amplifaya ya transista ni shilingi 1,500,000 na ya valvu ni 4,000,000, nyongeza ya 2,500,000 kwa desibeli 2.7 ni shilingi 926,000 kwa desibeli, mara 6.3 ya mapazia. Wala hakuna uhakika kwamba desibeli hizo zitaangukia kwenye unene. Zinaangukia popote ukinzani wa spika unapopanda, na katika spika nyingi za njia mbili kilele kimoja kipo chini ya hezi 100 na kingine karibu na hezi 1,000 hadi 2,000, pale kazi inapohama kutoka spika kubwa kwenda twita. Mnunuzi analipia badiliko ambalo mahali pake hapajui hadi aifungue karatasi ya vipimo vya spika.

Kasoro ya pili ya valvu ni mitetemo ya ziada, hasa ile iliyo oktavi moja juu ya noti halisi, ambayo sikio huikubali kwa urahisi. Asilimia 1 ya mitetemo hiyo ipo desibeli 40 chini ya muziki. Muziki ukiwa desibeli 80, ziada ni 40. Asilimia 0.01, tuseme ya transista, ipo desibeli 80 chini, yaani desibeli 0, mpaka wa usikivu wenyewe. Sasa weka feni ya dari, tuseme ya desibeli 45. Feni inaizidi kasoro ya valvu kwa 5, na ya transista kwa 45. Anayelipia kushuka kutoka asilimia 0.01 hadi 0.001 huku feni inazunguka juu ya kichwa chake amelipia namba kwenye karatasi. Kuizima feni kwa urefu wa wimbo mmoja kunaongeza upambanuzi kuliko hatua hiyo, ingawa Dar es Salaam mwezi Februari hilo nalo lina gharama yake.

Wati zinahitaji mstari wao. Spika yenye unyeti wa desibeli 86, yaani inayotoa 86 kwa wati 1 ukiwa mita 1, ikiwa jozi na msikilizaji yupo mita 3, hufikisha karibu desibeli 79.5 kabla ya kuhesabu msaada wa kuta. Wati 8, ambazo ni za kawaida kwa amplifaya ndogo ya valvu, hufikisha 88.5. Wati 80 hufikisha 98.5. Kutoka wati 80 hadi 160 ni desibeli 3 tu. Kuhusu seti zilizobandikwa wati 10,000 PMPO (namba ya kilele ya matangazo), zidisha mwenyewe: plagi yenye fyuzi ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 hupitisha wati 2,990. Namba inayofaa kusomwa ipo kwenye kibandiko cha nyuma, karibu na waya wa umeme, na mara nyingi ina tarakimu mbili au tatu.

Umeme unaotumika kukaa kimya nao ni gharama. Amplifaya ya muundo wa zamani inayochemka muda wote, ikila wati 200 kwa saa 4 kila siku, hutumia uniti 292 kwa mwaka. Kwa shilingi 350 kwa uniti ni shilingi 102,200. Ya kisasa inayokula wati 10 hutumia uniti 14.6, yaani shilingi 5,110. Kwa miaka 10 tofauti ni shilingi 970,900, bila kuhesabu kiyoyozi kinachoondoa joto lililozalishwa, wala valvu zinazochakaa.

Waya ndilo eneo ambalo hesabu ni fupi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, mita 5 kwenda na 5 kurudi, una ukinzani wa omu 0.067. Kwa spika ileile ya omu 4 hadi 20, tofauti inayoletwa ni desibeli 0.12. Ule mwembamba wa milimita za mraba 0.5 una omu 0.336, na tofauti ni 0.56. Kwa hiyo kuacha mwembamba na kuchukua wa 2.5 kunaokoa desibeli 0.44, na ikiwa kunagharimu shilingi 25,000 za ziada, ni shilingi 57,000 kwa desibeli, nafuu kuliko mapazia. Kutoka hapo kwenda juu kilichobaki kuokolewa ni 0.12 yote, hata kama waya mpya ungekuwa hauna ukinzani kabisa. Waya wa shilingi 1,500,000 basi hugharimu shilingi 12,500,000 kwa desibeli, kwa desibeli ambayo haitafika.

Spika ndizo zinazostahili fedha nyingi, na kwa hili kuna ushahidi. Mwaka 2004 Sean Olive wa kampuni ya Harman, Marekani, alichapisha modeli iliyotabiri alama ambazo wasikilizaji walizipa spika 70, kwa kutumia vipimo vya maabara pekee. Uwiano kati ya utabiri na alama halisi ulikuwa 0.86. Ukiuzidisha kwa wenyewe, modeli inaeleza takriban asilimia 74 ya tofauti za alama. Ndani yake, besi inayofika chini ilibeba karibu asilimia 30 ya uzito, na nyingine ilikwenda kwenye ulaini wa sauti: isiyo na milima wala mabonde. Bei haimo kati ya vigezo. Harman wanauza spika, na hilo likumbukwe, lakini kazi yao ilijengwa juu ya majaribio ya kusikiliza bila kuona chapa, ambayo Floyd Toole aliyaanzisha akiwa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada.

Mfano wa zamani unaonyesha jinsi wahandisi wanavyoushughulikia unene wakibanwa na nafasi. Katika miaka ya 1970 BBC walibuni spika ndogo ya LS3/5A ili itoshe kwenye magari ya kurekodia nje ya studio. Boksi ni la lita 5 hivi, kwa hiyo besi ya kweli haikuwezekana. Vipimo vyake vinaonyesha kilima kidogo juu kidogo ya hezi 100, na sikio huchukua kilima hicho kama mwili wa sauti. Gharama yake ni unyeti: takriban desibeli 83. Dhidi ya spika ya 86, inadai wati maradufu kwa sauti ileile. Unene wa LS3/5A umelipiwa kwa umeme, na wanaoisifu kwa ulaini wa sauti ya binadamu na wanaoilaumu kwa udhaifu wa besi wanaongea juu ya uamuzi uleule mmoja.

Sehemu ya bei haihusiani na sauti kabisa. Kiwango cha kawaida cha ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa iliyokamilika ni asilimia 25. Kifaa kilichofika bandarini kwa shilingi 1,000,000, kikiwekwa kundi hilo, hufika 1,250,000. VAT ya Tanzania Bara ya asilimia 18 huongeza 225,000. Jumla ni 1,475,000 kabla ya tozo ndogo na faida ya muuzaji. Hivyo asilimia 32 ya fedha hizo ni kodi. Haifai kulinganisha bei ya dukani na sifa zilizoandikwa na mchambuzi wa Ulaya aliyekuwa na bei nyingine kichwani.

Mtumba hupunguza pengo hilo, lakini soma kibandiko. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100. Ukiichomeka kwenye 230 inaungua. Transfoma ya kushusha umeme ya shilingi 120,000 juu ya amplifaya ya 400,000 ni nyongeza ya asilimia 30, na bado mara nyingi inabaki nafuu.

Kipo kifaa kimoja kisichotoa sauti ambacho ningekinunua kabla ya kubadilisha amplifaya: maikrofoni ya kupimia ya USB. Tuseme dola 100 pamoja na usafirishaji, kwa shilingi 2,600, yaani 260,000. Programu ya kupimia chumba, Room EQ Wizard, hupatikana bure, na Equalizer APO, ambayo hupunguza milima ya sauti kwenye kompyuta ya Windows, nayo ni bure. Kilima cha desibeli 8 kwenye hezi 43 kikikatwa kwa programu, gharama ni shilingi 32,500 kwa desibeli. Mashimo hayajazwi kwa njia hiyo. Ukiongeza umeme kwenye shimo la kufutana, unaongeza pia sauti inayolifuta, na amplifaya inachoka bure. Mashimo hutibiwa kwa kusogeza spika.

Kwa shilingi 3,000,000 tulizoanza nazo, mgawanyo wangu ni huu: spika 1,500,000, amplifaya ya transista yenye vitufe vya besi na trebo 690,000, zulia na mapazia 500,000, maikrofoni 260,000, waya wa 2.5 pamoja na plagi zake 50,000. Waliozoea kununua watauona mgao wa amplifaya, asilimia 23, kuwa mdogo mno. Waulize ni desibeli ngapi wanaziongeza, kwenye hezi zipi, na kwa shilingi ngapi. Muuzaji akishindwa kujibu, muombe uondoke na kifaa kwa siku mbili ukakisikilize kwenye sebule yako, na fedha zako zibaki kwako hadi hapo.